Hema la Shemeji

Hema lilikuwa la shemeji, na shemeji yangu ni mtu wa kuhesabu vigingi. Alinikabidhi kumi, akataka nivihesabu tena mbele yake, ndipo akaniachia mfuko. Nayasema haya mapema ijulikane kwamba vigingi vilifika Ngong vikiwa kumi. Mengine muulizeni Mutiso.

Tuliondoka Nairobi Jumamosi asubuhi kwa matatu ya 111, mimi, Mutiso na Otieno. Mpango ulikuwa tutembee vilima vya Ngong hadi Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote, mita 2,460, kisha turudi tulale karibu na lango. Ukiwa mjini unaviona kwa mbali vimejipanga kama vifundo vya ngumi, unadhani ni matembezi ya kuteremshia chakula. Wapi! Unapanda mpaka ulimi unatoka nje, unafika juu, unashuka kote ulikopanda, halafu unaonyeshwa kilima kingine. Ng'ombe wa Wamaasai wanakutazama tu huku wakicheua.

Ng'ombe hao ndio walioanza fitina. Kwenye mteremko wa mwisho nilikanyaga kitu kibichi kilichojificha kwenye nyasi, nikateremka kwa makalio hadi chini. Niliposimama, Otieno alinitazama, akanusa, akahamia upande upepo unakotoka.

Na upepo wa Ngong si wa kuchezewa. Unatoka mashariki, unagonga ukingo wa vilima, unapanda kwa kasi kisha unamwagikia Bonde la Ufa. Mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimikwa pale mwaka 1993. Siku hizi imepanga safu, megawati 25.5, na ukisimama chini yake unasikia mapanga yakikata hewa, vwuu, vwuu. Yeyote mwenye macho angejua hayo madude hayakuwekwa pale kwa urembo. Mutiso macho anayo, ila siku hiyo alikuwa pia na njaa. Kazi ya hema alipewa yeye, maana mimi nilikuwa nimepigwa marufuku kuligusa. Akagongelea kigingi kimoja, kikakutana na jiwe. "Wacha tu," akasema, "begi litalikalia." Akaenda kugeuza soseji.

Mimi, kwa heshima ya shemeji, sikutaka kuingia ndani na samadi. Nikavua suruali nje, nikampa Otieno aisuuze na maji ya mtungi. Suruali safi ilikuwa ndani ya begi, begi ndani ya hema, na simu juu ya begi. Nikabaki na shati, mabuti na boksa nyekundu yenye vikatuni, zawadi ya Krismasi. Nikainama kushika zipu ya mlango. Zipu ikaniponyoka.

Hema liliinua ukingo mmoja taratibu, likajipindua, likatua paa chini sakafu juu, likatulia kidogo. Nikadhani yameisha. Kisha likaondoka zake.

Nililifukuza. Sasa, Jumamosi vilima vile hujaa watu wa maombi, wanaopanda kutafuta utulivu. Nyuma ya kichaka kimoja kulikuwa na kundi la akina mama wenye vitambaa vyeupe, mikono juu, macho yamefumbwa, maombi yamekolea. Hema likapita katikati yao. Walipofumbua macho, hema lilikuwa limeshapita. Waliyemwona ni mimi.

"Shindwe!" akapaza sauti mmoja. "Shindwe katika jina la Yesu!"

"Mama, ni hema!" nikajibu, lakini upepo ukalipeleka jibu Magadi. Nikaendelea kukimbia. Nyuma nikasikia viatu: watatu walikuwa wameamua kwamba kijana huyu hawezi kuachwa hivi. Basi nikawa nafukuza huku nafukuzwa, na kila nilipoongeza mwendo na wao waliongeza maombi.

Hema lilinaswa na kichaka cha leleshwa huko chini. Kando yake alisimama kijana wa Kimaasai na mbuzi wake, rungu kwapani, ametulia tuli, nadhani ameona mengi ya watu wa Nairobi. Mbuzi mmoja alikuwa ameshaingia hemani na kuanza kukagua begi. Kabla sijapata pumzi ya kusalimu, mama mmoja alinifikia, akafungua leso yake kiunoni, akaizungusha kiunoni mwangu na kukaza fundo mara mbili, huku bado akikemea.

Hapo simu ikaita hemani. Kijana akainama, akamsukuma mbuzi, akaitoa, akapokea.

"Halo... Eeh, yuko hapa. Lakini hana suruali."

Nikanyoosha mkono. Akanionyesha kiganja, ningoje.

"Hapana, hayuko peke yake. Yuko na akina mama watatu... Hapana, siwajui... Mmoja anamfunga leso."

Akasikiliza muda mrefu, akiitikia kwa heshima, "Eeh, mama. Eeh. Nitamwambia." Aliponipa simu ilikuwa imeshakatwa.

"Ni bibi yako," akasema. "Amesema ulale huku huku."

"Ndivyo tulivyopanga," nikamwambia.

"Amesema na kesho."