Kilatini kipitie Kiswahili kwanza

Mwandikie ubaoni mwanafunzi anayeanza Kilatini sentensi "The farmer loves the girl", umwache aitafsiri neno kwa neno. Atahangaika kutafuta neno la "the", aweke ille ("yule") hapa na illam pale, mpaka sentensi ijae vitu visivyohitajika. Kilatini hakina "the". Sentensi yote ni maneno matatu: Agricola puellam amat. Na kwa Kiswahili ni matatu vilevile: Mkulima anampenda msichana.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba hapa Uganda, hasa katika seminari ndogo ambako vijana hukutana na Kilatini mapema, sentensi ya Kiingereza isifike kwenye Kilatini kabla haijapita kwenye Kiswahili. Aliye hodari zaidi katika Luganda apitie Luganda, njia ni ileile. Mazoezi ya vitabuni yako kwa Kiingereza, hilo sawa, lakini katika mambo nitakayoyaonyesha hapa, Kiingereza ndicho kilicho mbali zaidi na Kilatini kati ya lugha ambazo mwanafunzi wetu anazijua.

Chukua kitenzi. Amo, amas, amat, amamus, amatis, amant: ninapenda, unapenda, anapenda, tunapenda, mnapenda, wanapenda. Kwa Luganda, njagala, oyagala, ayagala, twagala, mwagala, baagala. Nafsi imo ndani ya kitenzi. Kwetu iko kichwani, kwa Warumi iko mkiani, basi. Kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Makerere inaonyesha jambo hili waziwazi: Pro futuro aedificamus, "tunajenga kwa ajili ya wakati ujao". Ile -mus ya mwisho ndiyo "tu-" ya "tunajenga". Anayetoka kwenye Kiingereza hukimbilia kuongeza nos ("sisi") kwa sababu ameona "we". Si kosa la sarufi, ila nos inatia mkazo, kama mtu asemaye "sisi ndio tunajenga", na sentensi haikusema hivyo.

Kosa jingine la kitenzi ni "is loving". Wengi huandika est amans. Amat inatosha kwa "loves", "is loving" na "does love". Kukanusha ni non mbele ya kitenzi: non amat. Lile "does" halina pa kwenda.

Sasa kazi yenyewe. Iseme sentensi kwa Kiswahili, kisha andika kitenzi cha Kilatini mwisho kabisa wa mstari, upande wa kulia, kikiwa na mkia sahihi wa nafsi. Hapo ndipo uulize: nani anatenda? Huyo anakaa mwanzoni, katika nominatifu, mojawapo ya hali, yaani maumbo ya nomino yanayoonyesha kazi yake katika sentensi. Anayetendwa ni nani? Huyo ni akuzatifu, na umoja wa maneno kama puella na servus (mtumwa) unaishia kwa -m: puellam, servum. Kiswahili kinakupa ishara: ukiona "-m-" katika "anampenda", itafute -m mwishoni mwa nomino ya Kilatini. Ishara hii haifiki mbali, kwa kuwa vitu visivyo hai na wingi havina "-m-" hiyo, lakini kwa wiki za kwanza inaokoa wengi wasiandike Agricola puella amat, sentensi yenye watendaji wawili na asiyependwa yeyote.

Kwa "ni" hakuna anayetendwa. Mkulima ni mwema: Agricola est bonus, kamwe si bonum.

Na hapo kwenye bonus wengi huanguka. Agricola ina sura ya kike, inaishia kwa -a kama puella, hivyo wanaandika agricola bona. Msemaji wa Kiswahili hana udhuru hapa. Tunasema "kiongozi mwema", hatusemi "kiongozi chema", ingawa neno linaanza na ki-. Sura ya neno ni jambo moja, upatanisho ni jambo jingine. Agricola, nauta (baharia) na poeta (mshairi) ni akina kiongozi wa Kilatini: umbo la kike, kivumishi cha kiume. Kivumishi hufuata nomino katika hali pia: agricolam bonum.

Neno "to" ndilo linaloharibu zaidi. "The farmer gives water to the cow." Mwanafunzi anaona "to", anaandika ad vaccam. Iseme kwa Kiswahili: Mkulima anampa ng'ombe maji. Hakuna kihusishi chochote. Anayepewa, au anayefanyiwa kwa kitenzi cha kutendea kama "anamwandikia", huenda kwenye datifu: Agricola vaccae aquam dat. Rafiki anayeandikiwa barua ni amico: amico epistulam scribit. Ad ibaki kwa safari.

Utaona vaccae inaweza pia kuwa "ya ng'ombe" au "ng'ombe" wengi. Ukiacha vokatifu, hali ya kumwita mtu, nomino ya aina hii ina nafasi 10, hali tano katika umoja na wingi, lakini ukiandika bila alama za urefu wa irabu maumbo tofauti ni sita tu. Ae peke yake inashika nafasi tatu. Kinachokuongoza ni kitenzi: dat ni ya umoja, kwa hiyo vaccae haiwezi kuwa mtendaji.

"With" nayo Kiingereza kinaichanganya, Kiswahili kimekwisha kuitenganisha. Baharia anatembea na rafiki: Nauta cum amico ambulat. Baharia anapigana kwa upanga: Nauta gladio pugnat. Amico na gladio hapa ziko katika ablatifu, hali nyingine ya nomino. Penye "na" ya kuandamana weka cum na ablatifu; penye "kwa" ya chombo weka ablatifu tupu. Sijaona njia fupi kuliko hii ya kufundisha jambo hilo.

Lakini Kiswahili nacho kina mahali kinapokuangusha, na mwalimu mkweli ayaseme mapema. La kwanza ni "-ni". Mkulima anaishi mjini, anakwenda mjini, anatoka mjini: neno moja mara tatu. Kilatini kinadai in oppido habitat, ad oppidum ambulat, ex oppido venit. Usitazame nomino hapo, tazama kitenzi: kukaa ni ablatifu na in, kuelekea ni akuzatifu na ad, kutoka ni ablatifu na ex. Majina ya miji huacha vihusishi hivyo kabisa: Romam ni kwenda Roma, Romae ni kukaa huko.

La pili ni "yake". Mkulima anampenda binti yake. Binti wa nani, wa mkulima mwenyewe au wa jirani? Kiswahili kinanyamaza, na Kiingereza pia. Kilatini hakikubali. Wa mkulima mwenyewe: Agricola filiam suam amat. Wa jirani: filiam eius. Kabla ya kuandika lolote kati ya hayo mawili, rudi kwenye sentensi iliyotangulia uone ni binti wa nani.