Taa ya Katikati

Fundi wangu wa Tandika hajawahi kushindwa na taa. Gia boksi inaweza kumshinda, hata boneti iliwahi kumshinda akaifunga kwa waya, lakini taa ya dashibodi ikiwaka, kwake lazima izime. Basi taa ya injini iliponitolea jicho la rangi ya chungwa, na nina safari ya kumrudisha mama mkwe Korogwe, sikufikiria gereji nyingine.

Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, kikatoa namba ya kosa. P0135. "Hita ya sensa ya oksijeni," akatangaza.

"Hita? Dar hii, mwezi wa Januari?"

Lakini hita ipo kweli. Sensa hiyo imefungwa kwenye ekzosi, inanusa moshi ili kompyuta ya gari ijue mafuta yamezidi au yamepungua, na pua yake haifanyi kazi mpaka ipate moto wa nyuzi 300 na zaidi. Hili joto letu la kutufanya tulale sakafuni kwake ni baridi kali. Ndiyo maana ndani yake kuna kihita cha kuipasha haraka gari linapowashwa, isikae ikisubiri moshi.

Sensa mpya ilikuwa na bei ya mbuzi wawili wa sikukuu. Ya mtumba, akasema fundi, ni kamari. "Niachie gari mpaka saa kumi, bosi."

Saa kumi taa imezima. Nikalipa elfu thelathini, nikamshukuru na mama yake aliyemzaa.

Tuliondoka baada ya magharibi, maana mama mkwe hasafiri na jua. Tulipoiacha Chalinze akasema, "Baba, hebu washa taa ya juu, kibeti changu kimeangukia huku chini." Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Giza lile lile.

"Haya, tuendelee," akasema, kwa ile sauti ya mkwe anayeweka jambo akiba.

Nikaanza kuona kitu cha ajabu. Kila tukipunguza mwendo kwenye matuta ya vijijini, watu walitutazama. Wauza mahindi ya kuchoma wakanyoosha vidole. Kijana mmoja wa bodaboda alisogea kabisa, akainama kuangalia mbele ya gari, akaondoka bila kusema neno. Mimi nikajua ni gari limeoshwa vizuri.

Mbele kidogo trafiki akatusimamisha.

"Habari za safari. Leseni." Nikampa. "Washa indiketa ya kulia. Kushoto. Hazadi. Taa kubwa." Vyote vikaitika. Akabaki amesimama mbele ya gari, kichwa kimeinama upande.

"Na hii ya katikati ni ya nini?"

"Ipi, afande?"

"Hii ndani ya grili. Izime."

Nikashuka. Nyuma ya grili, jirani na rejeta, kulikuwa na mwanga wa manjano umetulia kama taa ya msikitini. Nikarudi kwenye usukani, nikazima taa kubwa. Ukabaki. Nikazima hazadi. Ukabaki.

"Kanyaga mafuta," akaamuru, labda kwa kuwa hakuwa na amri nyingine. Nikakanyaga. Ukazimika.

"Achia."

Ukawaka.

Akamwita mwenzake. "Njoo uone. Kanyaga, ndugu! Achia! Unaona?" Mwenzake akataka kuamuru na yeye. Likaja fuso, dereva na utingo wakashuka. Nikawa nakanyaga na kuachia mbele ya hadhira, huku nyuma mama mkwe ameshaanza Ayatul Kursiyy.

"Taa inayowaka gari likisimama na kuzimika likienda," akanong'ona alipomaliza, "hiyo hakuiweka fundi, baba."

Trafiki akafungua kimashine cha faini, akakifunga. "Nikuandikie nini sasa? Taa imezidi? Nenda. Lakini usipite hapa tena usiku."

Asubuhi, Korogwe, nikapelekwa kwa fundi umeme mmoja mzee. Alifungua boneti, akacheka mpaka akakaa chini. Fundi wangu alikuwa amekata nyaya mbili za hita upande wa gari, kabla ya soketi, akaziungia balbu na kuibana kwa kamba ya nailoni. Kompyuta haina macho, mzee akanieleza. Inapima tu umeme unaopita. Hita hii inakula kama ampia moja, balbu ya wati 10 inakula karibu na hapo, basi kompyuta ikaridhika kwamba sensa inapata moto. Na kwa kuwa hita hupewa umeme zaidi injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, na kukatiwa ukikanyaga sana, moshi wenyewe ukiwa wa moto wa kutosha, balbu nayo ikafuata ratiba hiyo hiyo.

Kisha akanyamaza, akaitazama ile balbu kwa heshima. "Lakini amekupimia bure. Kama inawaka, umeme unafika na kompyuta inashika hasi yake. Nyaya za upande wa gari ni nzima."

Akachukua mita, akapima nyaya mbili nyeusi za sensa yenyewe: omu 13. Hita ni nzima. Kilichobaki ni soketi. Akaichomoa, akaniita. Pini moja ilikuwa imerudi nyuma, imeota kutu ya kijani. Akaisugua, akaivuta mbele, akarudisha nyaya na kuzichomelea, akafuta P0135. Elfu kumi, na chai nikanyweshwa mimi.

Nikiwa nakunja noti, yule mzee akaigeuzageuza balbu mkononi. Ndefu, ina kofia za chuma pande mbili. Hakusema kitu. Akaingia ndani ya gari, akabandua kifuniko cha taa ya juu. Ndani patupu. Akaipachika, ikawaka.

Nikapiga simu Tandika.

"Fundi, ile balbu uliyoweka kwenye sensa uliitoa wapi?"

Kimya kidogo.

"Kwani, bosi, ulikuwa unaitumia?"