Mwaka mmoja wa darasa la nne hautoshi

Mtoto akifika darasa la nne, mara utasikia amekuwa mzito. Mwaka jana alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole, sasa kanyamaza. Kwangu mimi akili yake iko palepale. Kilichobadilika ni lugha.

Mtaala wa Uganda ulioanza 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wasome kwa lugha ya eneo, la nne liwe la kuvukia, na kuanzia la tano kila somo liwe kwa Kiingereza. (Shule nyingi za Kampala huanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza.) Mwaka mmoja tu wa kuvuka! Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha kwamba mtoto anayejifunza lugha ya pili hupata ile ya kuchezea kwa miaka 2 hivi, ila ya vitabuni humchukua 5 hadi 7. Ndiyo maana anayepiga soga za Kiingereza uwanjani huduwaa mtihani ukimwambia "linganisha".

Kwa hiyo mpime kwanza kwa lugha ya nyumbani. Msimulie kisa kigeni cha dakika 2 au 3, kisha akamsimulie mtu ambaye hakukisikia. Akikurudishia wewe atafupisha, anajua unakijua. Sikiliza: nani, wapi, kuliharibika nini, kukaishaje. Sikiliza na viungo. Wa miaka 6 huunga kwa "halafu… halafu". Wa miaka 9 au 10 awe na "kwa sababu", "ingawa", "kabla hajafika". Usimkatize kumsahihisha, atafunga mdomo. Akikitiririsha kwa Luganda na kukwama kwa Kiingereza, anachokosa ni Kiingereza tu. Akikwama kwa zote mbili, apimwe masikio kabla ya lolote.

Na hili la tahajia ya Kiswahili. Mtoto wa Kiganda huandika "lafiki", "habali", kisha "kirimo", na mwalimu huona ovyo tupu. Si ovyo. Katika Luganda r hufuata e na i, kwingineko ni l. Mtoto anatii kanuni ya kwao barabara. Mwandikie jozi ubaoni, kura na kula, mahari na mahali, azitamke huku akionyesha neno analosoma. Dakika 5 kila siku, badala ya kumvalisha kibao shingoni eti kazungumza lugha ya mama yake.