Tope la mtaro kuachwa ukingoni

Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanajitokeza kuzibua mtaro, jasho linawatoka, kisha tope lote linaachwa pale pale ukingoni! Inaudhi mno. Mwanza ni mji wa vilima na mawe: mvua moja tu, tope limerudi mtaroni. La kata ya Mabatini linaingia Mto Mirongo hadi Ziwa Victoria, pamoja na chupa na pampasi. Guta, kile chombo cha mizigo cha matairi matatu, la kubebea tope litafutwe kabla hata ya makoleo. Anzeni upande wa chini kwenda juu, maji yapate njia. Tope likishachuja maji, lijazeni viroba nusu tu. Kikijaa hakibebeki, na kinapasuka njiani. Na lisilale hapo, watoto wanalichezea.