Baiskeli Haijaisha

Mtu aliyejiundia baiskeli humtambui kwa baiskeli, unamtambua kwa mdomo. Isifie baiskeli ya dukani, mwenyewe atasema asante na mtaendelea na mambo yenu. Isifie ya kujiundia, umekwisha. Utaelezwa fremu ilipatikana vipi, spoku zilikazwa na nani (yeye), goroli zimepakwa grisi gani, na kwa nini grisi aliyoikuta humo haikufaa hata kwa bawaba za mlango. Nayajua haya kwa sababu mtu huyo ni mimi, na kila Jumapili natembea na kundi zima la watu wa namna hiyo. Tukikutana asubuhi hatupandi kwanza. Tunazungukana, tunachuchumaa, tunakaguana vyuma, jua linapanda sisi bado tupo.

Baiskeli yangu ilianza ikiwa ya kawaida kabisa: ya chuma, nzito, ina keria, madigadi, stendi, kengele na kiti kipana chenye springi. Kosa lilikuwa la hicho kiti. Nilikibadilisha, na kiti kipya kikaufanya usukani uonekane mzee. Usukani mpya ukazitia aibu breki, breki mpya zikadai waya mpya, ikawa kila kipuri kinachoingia kinakuja na madai yake. Halafu nikaanza kuwaza uzito. Keria nikaifungua, madigadi yakafuata, stendi nayo, kengele nikaiweka kwenye mzani wa jikoni na hukumu yake ikatoka hapo hapo. Vyote nilivitupia kwenye boksi stoo. Mke wangu akipita uani ananikuta nimejikunja, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, anauliza lile lile: "Baiskeli haijaisha tu?"

Mtu wa nje hawezi kuelewa kwamba baiskeli haiishi.

Nilijaribu kumwelimisha. Nikamsimulia habari za Graeme Obree, Mskoti, ambaye mwaka 1993 huko Norway alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja, kilomita 51.596, rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1984. Na aliivunja kwa baiskeli aliyojiundia mwenyewe, akaitia beringi alizozitoa kwenye mashine ya kufulia nguo. Mke wangu alinyamaza. Akaitazama mashine ya kufulia, akanitazama mimi, akaitazama tena mashine. Tangu siku ile boksi langu la spana haliruhusiwi kuvuka mlango wa bafuni.

Nikajaribu kwa njia ya sheria. Nikamwambia chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kinapiga marufuku baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo uzito si jambo la mchezo, lina kanuni zake.

"Na yako kilo ngapi?"

"Kumi na moja na ushee."

"Basi lala kwa amani, hawatakukamata."

Kwenye kundi letu yupo mmoja tunamwita Bwana Gramu. Huyu hapunguzi uzito kwa kubadilisha vipuri tu, anavitoboa. Ana drili nyumbani, na kila chuma kinachotulia mbele yake kinapata tundu. Ukimuuliza anakutajia Eddy Merckx, aliyevunja rekodi hiyo hiyo ya saa moja mwaka 1972 kule Mexico akiwa na vipuri vilivyotobolewa, cheni ikiwemo. Ni kweli kabisa. Asichokitaja ni kwamba Merckx ndani ya ile saa alikwenda kilomita 49.431, na yeye Bwana Gramu mlima ukianza anashuka anakokota. Lakini upepo ukivuma baiskeli yake inapiga mluzi, na hilo anajivunia sana.

Sasa, kazi ya kujiundia ina mitego yake, na hapa naomba nijisifu kidogo, mitego mikubwa yote naijua. Najua tairi lililoandikwa 28, lile jembamba la rimu ya milimita 622, ni dogo kuliko lililoandikwa 27, ambalo rimu yake ni milimita 630. Usiniulize waliokubaliana hivyo walikuwa katika hali gani. Najua pedali ya kushoto uzi wake umegeuzwa, unaifungua kwa kuizungusha upande ambao akili inakwambia unaikaza. Najua ile ekseli ya katikati inayobeba mikono ya pedali, kama fremu ni ya vipimo vya Kiingereza, upande wa kulia nao uzi umegeuzwa, na kama ni ya Kiitaliano haujageuzwa, na fremu yenyewe haikwambii ni kabila gani mpaka umeshatoa jasho. Haya yote nimeshawahi kuyahutubia mbele za watu, wengine hawakuwa wameniuliza.

Kilichonipata mimi kilikuwa kitu kidogo zaidi. Bomba la siti.

Fremu yangu inachukua bomba la milimita 27.2. Nilipata bomba la alumini, jepesi, linang'aa, dhambi kuliacha, lakini lilikuwa la 26.8. Tofauti milimita sifuri nukta nne. Mtu mwingine angelirudisha. Fundi anatafuta kopo la soda. Bati la kopo lina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Likizungushwa mara mbili, pengo limeziba pande zote. Hesabu yenyewe imenyooka, wala sijapata mtu wa kuipinga mpaka leo. Nikalikata kopo kwa mkasi wa mke wangu (jambo jingine ambalo bado halijaisha pale nyumbani), nikalizungusha kwenye bomba, kingo zikanichana kidole gumba, nikanyonya damu nikaendelea. Halafu nikapaka grisi. Kila fundi mwenye akili anakwambia bomba la siti lipakwe grisi lisije likagandana na fremu, nami si mtu wa kubania. Nilipaka bomba, nikapaka kopo kwa ndani, nikapaka kopo kwa nje. Likaingia lenyewe, taratibu, bila hata kusukumwa, nikafurahi.

Pia nilikuwa nimeibadilisha ile bolti inayobana shingo ya fremu ili ishike bomba la siti, nikaweka ya alumini. Bwana Gramu aliishika kiganjani akafumba macho.

Jumapili tukaondoka. Dakika za mwanzo nilikuwa mfalme. Baiskeli haina mlio, cheni inanong'ona, wenzangu wananiuliza habari za bomba nami najibu kwa kirefu. Baada ya muda nikaona jambo la ajabu: wenzangu wanarefuka. Aliyekuwa kushoto kwangu, ambaye siku zote tunalingana mabega, sasa nilikuwa naongea na kiwiko chake. Nikadhani barabara imeinama upande. Magoti nayo yakaanza kupanda juu kuliko kawaida, nikajisemea ni ile mikono mipya ya pedali, nitaizoea.

"Leo umekaa kimashindano hasa," Bwana Gramu akanisifia kutoka nyuma. "Umeuchuna mgongo!"

"Nimerekebisha vipimo kidogo," nikajibu.

Nilijibu hivyo kwa sababu ukishasifiwa huwezi tena kusimama. Kila shimo dogo nikisikia chini yangu *fyuu*, kama mtu anayevuta pumzi kwa siri, na dunia inapanda kidogo. Ikafika mahali goti la kulia linanigonga kidevu, nikayapanua magoti nje, nikawa naendesha mithili ya panzi. Mtoto mmoja aliyekuwa pembeni ya barabara aliacha mchezo wake akasimama wima kunitazama. Hakucheka. Hilo liliniumiza zaidi.

Mbele kukatokea tuta.

Ndugu Wright, wale wa ndege, walikuwa mafundi baiskeli. Mapanga ya ndege yao waliyazungusha kwa cheni za aina ile ile tunazozijua sisi, na mwaka 1903 safari yao ya kwanza angani ilichukua sekunde 12. Mimi sikufikisha mbili. Tairi la mbele likapanda tuta, bomba likashuka lote mpaka mwisho wake, siti ikageuka ikatazama nyuma, nami nikaendelea mbele peke yangu. Nilitua kwenye majani. Baiskeli ikaja ikalala pembeni yangu kwa adabu, gurudumu la nyuma likizunguka bila mlio wowote. Beringi zile niliziweka vizuri sana.

Wenzangu wakafika mbio. Nashukuru walifika mbio. Wakanivuka, wakachuchumaa kwenye baiskeli.

"Ni grisi," akasema wa kwanza.

"Grisi haina tatizo, ni kopo. Ungeweka la maziwa ya unga."

"Kopo la maziwa lina kutu. Ni kipimo. Angeanza na 27.2 tangu mwanzo."

"Jamani, kazeni tu," nikasema kutoka kwenye majani.

Ikatafutwa spana. Hapo ndipo tulipojua sisi ni watu gani. Kundi zima la mafundi, na spana hakuna, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameiacha nyumbani kupunguza uzito akitegemea mwenzake kabeba. Mwishowe Bwana Gramu akatoa moja mfukoni. Alikuwa ameukata mpini wake kwa msumeno, umebaki kipande cha kushikwa kwa kucha. Akaikaza bolti yangu ya alumini huku meno yametoka nje, shingo imejaa mishipa, akaongeza robo, akaongeza robo nyingine, halafu ikasikika *ka!* na kichwa cha bolti kikaruka kwenye nyasi. Tukakaa kimya wote. Akapiga magoti kukitafuta, akakipata, akakipima kwenye kiganja.

"Gramu mbili," akasema, kwa heshima.

Tulikuwa bado tunajadili kama kamba ya kiatu inaweza kubana bomba la siti, niliposikia kengele. Kengele ile naijua. Nikageuka.

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anakuja mdogo mdogo amekaa wima kama hakimu. Kiti kipana cha springi: changu. Usukani ule mzee: wangu. Madigadi, stendi, keria: vyangu vyote. Fremu alipewa na jirani, vilivyobaki alivichota kwenye lile boksi la stoo, akaviunga kwa spana moja ya kuazima. Breki zilikuwa zile zile zangu za zamani, nilizozitoa kwa sababu zilikuwa zinaomba gurudumu lisimame badala ya kuliamuru.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

"Marahaba," nikajibu, nikiwa bado sijainuka.

"Dada kaniambia leo nikufuate. Ila kwa mbali."

Wenzangu walikuwa wameshaizunguka baiskeli yake. Mmoja akaibonyeza siti, springi zikarudi. Mwingine akauliza beringi za mbele kazitoa wapi, na shemeji akaanza kueleza: grisi kaweka kidogo tu, spoku kazikaza mwenyewe kwa kusikiliza mlio, cheni aliichemsha kwenye mafuta... Nikamtazama usoni nikaona ugonjwa umeshamwingia. Alieleza mpaka jua likawa kali.

Nikapanda kwenye keria, baiskeli yangu nikaitundika begani. Na hapa lazima haki itendeke: kilo kumi na moja na ushee hazinielemei bega hata kidogo. Ile ya zamani ingenivunja. Wote waliowahi kunibeza kwa habari za uzito wangekuwepo pale wakaona mtu anavyobeba baiskeli yake kwa raha. Shemeji akakanyaga pedali, tukaupanda mlima, mimi, yeye na baiskeli mbili, tukampita Bwana Gramu anakokota huku baiskeli yake inampigia mluzi. Nikampungia mkono.

Juu kileleni shemeji akaacha kukanyaga. Upepo ukaanza kuingia masikioni.

"Shemeji," akaniita bila kugeuka, sauti yake ina adabu zote, "hizo breki zako mpya unatarajia kuzibadilisha lini?"

"Kwa nini?"

"Hizi nilizonazo zinashika tukiwa tambarare tu."