Minara tisa ya Kantajew: ijengwe upya au iachwe?

Karibu na mji wa Dinajpur, kaskazini mwa Bangladesh, lipo hekalu la Wahindu liitwalo Kantajew. Ni la matofali, na kuta zake zimevishwa vigae vya udongo wa kuchoma tangu chini hadi juu. Lilianzishwa na Maharaja Pran Nath, likakamilishwa mwaka 1752 na mwanawe wa kulea, Ramnath, kwa heshima ya mungu Krishna na mkewe Rukmini. Juu ya ghorofa zake tatu palikuwa na minara tisa. Juni 1897 tetemeko la ardhi lililoanzia Assam, nchini India, likaiangusha. Baadaye Maharaja Girijanath alilikarabati hekalu, lakini minara haikurudi. Tangu hapo swali limebaki: irudishwe au la?

Wanaotaka irudishwe wana hoja nzito. Kantajew si gofu. Watu bado wanasali pale, na kila mwaka uwanja wake hufurika waumini na wachuuzi wakati wa Raas, sikukuu ya Krishna. Katika dini ya Kihindu, kulitengeneza hekalu lililochakaa ni jambo lenye thawabu. Kuliacha bila kichwa kwa kisingizio cha historia ni jambo gumu kumweleza muumini. Tena umbo la minara halikupotea, kwani Mwingereza John Henry Ravenshaw alilipiga hekalu picha mwaka 1871, yote tisa ikiwa imesimama. Hekalu la Dakshineswar karibu na Kolkata, la mwaka 1855, nalo lina minara tisa, hivyo hata ufundi wenyewe una mfano wa kuigwa.

Hoja hizo nazikubali karibu zote. Kinachonizuia ni kuta.

Bengal, eneo la mito mikubwa lilimo hekalu hili, ina mawe machache na udongo tele, kwa hiyo mafundi wake waligeuza udongo kuwa lugha. Waliuchonga ungali mbichi, wakauchoma, kisha wakavipanga vigae ukutani safu kwa safu. Hapo Kantajew utaona vita vya Ramayana na Mahabharata, tenzi kuu za Kihindu, lakini utaona pia mabwana wa Kimughal, watawala wa Bara Hindi wa zama zile, wakivuta buruma, mashua ndefu zilizojaa watu, misafara ya farasi na uwindaji. Kuna kigae ninachokipenda kuliko vyote: wenzake Krishna wanaangua nazi. Mmoja amekwea mnazi hadi katikati, anampokeza nazi mwenzake aliye chini. Fundi wa karne ya 18 aliichukua hadithi ya mungu akaiweka chini ya mnazi wa kijijini.

Minara mipya itakaa juu ya vigae hivyo. Tani za matofali zitazielemea kuta ambazo zimekwisha kutikiswa mara moja, katika ukanda ambao matetemeko hayajaisha. Na picha ya 1871 inaonyesha sura ya nje tu. Haisemi matofali ya ndani yalifungamanishwaje, wala uzito uligawanywaje, na hilo ndilo fundi analohitaji kulijua kabla ya kuweka tofali la kwanza. Mkataba wa Venice wa 1964, unaoongoza wahifadhi wengi wa majengo ya kale duniani, unataka ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Hapa kubahatisha kungeanza mapema mno.

Wapo watakaosema tutumie vifaa vyepesi vya kisasa. Ni wazo la kupimwa kwa dhati, na wahandisi wakithibitisha kwamba kuta haziguswi, msimamo wangu utalegea. Lakini nafsi yangu haipokei mnara mtupu wa kuigiza, umepachikwa juu ya kazi ambayo kila kipande chake kilipitia mikononi mwa mtu.

Kwa sasa fedha ziende kwenye mvua, kuvu na chumvi inayopanda kutoka ardhini, maana hivyo vinakula vigae kila masika. Waumini wawe na sauti katika kila uamuzi, kwa kuwa nyumba ni yao. Na picha ya Ravenshaw iwekwe langoni, kubwa, ili anayeingia aione minara kabla hajainama kumtazama yule mkwezi.