Shemeji, Grainda na Tokeni za Saloni

Shemeji hakaripiwi. Hilo nililijua kabla sijaoa, na ndilo lililonifunga mdomo Jumamosi ile, huku pikapu yangu ikifanyiwa mambo ambayo fundi wa kulipwa ningemfukuza kwa jiwe.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Kila tuta la Moi Drive, pale Umoja, Nairobi, gurudumu la mbele lilikuwa linagonga ko-ko-ko, na kwenye kona viazi vilitaka kushuka kabla ya mwenye viazi. Fundi mmoja akalitikisa gurudumu, akasema linki za stebilaiza zimekwisha. Ni vijiti viwili tu vya chuma, kimoja kila upande, vinavyoshikanisha bomba la stebilaiza na mkono wa gurudumu ili gari lisilale likikata kona. Akataja bei. Mke wangu akairudia hiyo bei mezani mbele ya kaka yake, na kaka yake akacheka.

"Shemeji, hiyo pesa yote ya nini? Nati nne! Nimeona kwa simu."

Nikaenda Kirinyaga Road, ambako wazee wa spea bado wanakuita Grogan, nikaulizwa kushoto au kulia, mpya au eksi-Japani, yaani iliyokwishatumika huko Japani. Nikanunua jozi mpya. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya siku hiyo iliyokwenda sawa, labda kwa sababu nilikwenda peke yangu.

Sasa, nati ya linki ina hila zake. Msumari wa linki umetokeza katikati ya nati, na kichwani una tundu la pembe sita. Unatia alenki, kile kijiti cha pembe sita, humo ili msumari utulie, ndipo unazungusha nati kwa spana ya 17. Usiposhika, nati na msumari vitazunguka pamoja mpaka Krismasi. Kazi ya shemeji ilikuwa kushika alenki tu. Tundu lilikuwa limejaa matope na kutu, nikapendekeza tulichokonoe kwanza, tunyunyize dawa ya kutu, tungoje kidogo. Akasema kungoja ni kwa wanaolipwa kwa siku. Akagongelea alenki kwa nyundo, tukavuta, tukasikia krrr laini. Pembe sita zikawa duara.

"Imelegea," akasema shemeji.

"Alenki ndiyo imelegea," nikajibu, kwa upole wa mtu aliyelipa nusu ya mahari.

Nyundo haikuwa yetu. Ilikuwa ya jamaa wa kuchomelea madirisha hapo kando ya barabara, ambaye sasa alituazima na grainda pia, ile mashine ya kukatia chuma, kwa sharti kwamba vyote virudi kabla ya saa saba. Stima tukaivuta kwa ekstensheni kutoka saloni iliyo chini ya ghorofa letu. Mwenye saloni alikuwa na mikono yote miwili kichwani mwa mteja, kwa hivyo hakuweza kutuzuia.

Grainda ikatema cheche, watoto wa ploti wakashangilia. Nati ikakatika karibu yote, ikabaki inashikiliwa na uzi mwembamba wa chuma. Hapo pakawa kimya. Si grainda tu, hata redio ya saloni ilinyamaza.

Mteja ndiye aliyetoka kwanza. Mama wa makamo, mwenye heshima zake, taulo begani. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimenyooka hadi sikioni, za upande wa pili zimesimama zinatazama Kayole. Alikuwa na harusi ya mpwa wake Ruai, saa saba.

"Nani amemaliza stima?"

Mwenye saloni akatunyooshea chanuo. Nikajitetea kwa ushahidi: nikamwonyesha maandishi ubavuni mwa grainda, wati 800. "Na draya yako inasema ngapi?" Akaingia ndani, akarudi amenuna. Wati 2,000.

"Lakini draya yangu haijawahi kunizimia stima mpaka mlipokuja nyinyi," akasema, na ploti nzima ikakubaliana naye. Hesabu haina nguvu mbele ya mwanamke aliyeshika chanuo.

Nikanunua tokeni za 500 kwa M-Pesa, yaani namba za kubonyeza kwenye mita ili stima irudi. Pesa ilitoka papo hapo, namba ndizo zilizokuja kwa miguu. Zilipofika, tarakimu 20, shemeji akajitolea kuzisoma kwa sauti huku mwenye saloni akizibonyeza ndani na watoto wakiitikia.

"Sita, tisa mbili, nne..."

"Tisa, halafu mbili?"

"Hapana, tisa mbili! Yaani tisa, tisa!"

"Tisa ziko nne sasa?"

Mita ikakataa. Ikakataa tena. Yule mama akampokonya shemeji simu, akazisoma mwenyewe polepole, nne nne.

Swichi ya grainda hakuna aliyeifikiria. Ni ile ya kusukuma mbele ikajishika yenyewe. Stima iliporudi, grainda iliyokuwa imelala chini ikaamka. Ikajigeuza, ikaruka, ikagonga jiwe, ikaelekea kwa shemeji aliyekuwa amekalia ndoo. Sijawahi kumwona akifanya jambo lolote haraka, lakini ile ndoo ilibaki inazunguka peke yake. Grainda ikabadili nia, ikaifuata ekstensheni yake yenyewe, ikaikata. Pwaa! Sakiti breka ya saloni ikaanguka, na redio ikanyamaza kwa mara ya pili.

"Imezimika?" shemeji akauliza kutoka juu ya geti.

Breka ikainuliwa, draya ikaendelea, kamba ya ekstensheni ikaingia kwenye deni langu. Ule uzi wa nati ulikatika kwa nyundo moja. Tukatia linki mpya: juu ikaingia, chini tundu likawa limepitana na msumari kwa vidole viwili. Shemeji akalisukuma bomba kwa mguu. Akalivuta kwa kamba. Alipoanza kulipiga nyundo, yule mama akatoka tena, kichwa kimebaki robo.

"Mmeinua upande mmoja tu?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo bomba limeshika kushoto na kulia. Mkiinua huku, kule kumebaki chini, lazima lijikunje. Inueni pande zote mbili, muweke stendi."

Tukaazima jeki ya pili. Linki ikaingia kwa kidole.

"Mama, umejuaje?" shemeji akauliza.

"Nina matatu mbili laini ya Kayole. Unadhani zinatembea kwa maombi?"

Upande wa kulia alisimamia yeye, taulo begani. Tundu likachokonolewa kwa msumari, dawa ikanyunyizwa, tukangoja, nati ikatoka bila kelele. Shemeji akasema huo upande ulikuwa na kutu ya kawaida.

Kwa kuwa saa saba ilishapita, ilikuwa juu yangu kumfikisha Ruai. Akakaa mbele, nywele zote zikiwa zimenyooka, mimi na mikono ya grisi. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nikaanza kupiga mluzi. Tulipoingia Kangundo Road, kukasikika ngang'! chini ya bonati, kisha ngang'! tena. Mama akainamisha sikio.

"Hiyo si linki," akasema. "Hiyo ni chuma kitupu kinachotembea juu ya chesi."

Simu ikalia. Alikuwa jamaa wa madirisha.

"Bosi, grainda nimeiona. Nyundo yangu iko wapi?"

"Iko Njiru," nikamwambia. "Inaenda harusini."